Sanduku Lililomtangulia Mwenyewe

Nakhungu alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya baba yake mjini Bungoma, akimenya ndizi za chakula cha mchana, wakati senge yake Nasimiyu alipotokea kwenye kona ya ua, ametoka kushuka basi la Misikhu, viatu mkononi. Shangazi huyo alisimama ghafla akamkazia macho.

"Wewe uko hapa?"

"Niko hapa, senge. Ningekuwa wapi?"

"Hapa Bungoma? Unamenya ndizi?"

"Mama bado ana homa. Karibu kiti."

"Sikai! Kama uko hapa, mbona kule Misikhu wanakuimbia?"

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

"Wananiimbia nini?"

"Kile huimbiwa bibi harusi. Asubuhi nimepita kwa kina Jotham nikienda dukani, nikakuta wanawake wamejaa uani, vigelegele hadi barabarani, mama yake Jotham amejifunga leso kiunoni, anacheza. Nikauliza, nani ameoa hapa? Wakanicheka. Ati, si ni ninyi mmetuletea binti? Sanduku lake limeingia jana jioni. Nikachungulia ndani. Nakhungu, ni lile la kijani. Jina lako liko pale kwa rangi nyeupe. Mimi senge yako, mtu wa kuketi mbele siku ya ndoa yako, nikaulizwa ati mbona nimechelewa!"

Katika nchi ile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya sanduku. Msichana aliweza kuwazuru watu wa mchumba wake akala na kurudi, na jina lake likabaki safi. Lakini siku sanduku lake la nguo lilipovuka kizingiti cha mama wa mwanamume, ilihesabiwa kwamba ni yeye mwenyewe aliyevuka. Walioolewa kwa heshima walitangulia wao, na sanduku likafuata nyuma likibebwa na mashangazi, baada ya ng'ombe kupokelewa na binti kuulizwa mbele ya watu kama ameridhika. Waliotoroka ndio waliotanguliza sanduku. Ng'ombe wa Jotham walikuwa bado hawajafika. Nakhungu alikuwa hajaulizwa lolote na mtu yeyote. Na sanduku lake, kwa kadiri alivyojua, lilikuwa Kitale, chini ya kitanda chake, katika nyumba ya Doña Remedios.

Huyo Doña, yaani 'Bibi' kwa lugha ya kwao, alikuwa mwanamke wa Uhispania aliyeolewa na mkulima Mwingereza, akaletwa hadi mashamba ya kahawa yanayotazamana na Mlima Elgon, mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja aliyejua lugha ya mama yake. Nakhungu, aliyesomeshwa na wamisheni na kubatizwa Agneta, aliajiriwa mume alipofariki, amlelee Doña binti yake mdogo na kumwandalia chai. Miaka mitatu baadaye Doña aliazimu kurudi kwao, akamwomba Nakhungu wafuatane kwa meli akakae huko miaka michache. Nakhungu alikataa siku ile ile, kabla birika halijapoa. Alikataa kwa ajili ya mwanamume mmoja tu, Jotham Wepukhulu, mwalimu wa shule ya Misikhu. Sasa mwanamume huyo alikuwa amelibeba sanduku lake bila kumwuliza.

Baba yake, Mzee Eliakim, aliitwa kutoka kwenye banda lake la useremala. Alisikiliza habari yote akiwa ameshika randa, vumbi la mbao likiwa limemjaa kwenye nyusi.

"Sanduku lile nililiranda mimi," alisema hatimaye. "Kwa mvule. Nilimtengenezea binti yangu sanduku la kwendea kazi. Sasa limegeuzwa kuwa la kuolewa kwa wizi. Nasimiyu, keti. Kijana huyo atakuja. Mtu aliyefanya jambo kama hili lazima aje kujisifu."

Jotham alifika saa kumi alasiri kwa baiskeli, amevaa tai yake ya darasani. Aliegemeza baiskeli kwenye ua wa michongoma, akavua kofia.

"Shikamoo, Mzee."

"Keti hapo barazani," alijibu Eliakim. "Mwenye maneno nawe siye mimi."

Mama yake Nakhungu, ambaye kwa desturi hakupaswa kuonana uso kwa uso na mkwe wake, alijifungia jikoni, na kikohozi chake kikasikika kupitia ukutani. Senge Nasimiyu aliweka chai juu ya meza ndogo, kwa kuwa hasira si sababu ya kumnyima mgeni. Kisha Nakhungu akatoka, mikono imelowa. Siku nyingine zote macho ya wawili hao yalipokutana, mmoja wao alikuwa hana budi kutazama chini ili asitabasamu mbele ya wazee. Siku hiyo hakuna aliyetazama chini.

"Mwalimu," alisema Nakhungu.

Jotham alishtuka. Hakuwahi kuitwa hivyo naye.

"Agneta, nimekuja ili..."

"Sanduku langu liko wapi?"

"Liko salama. Liko kwa mama."

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Nilikwenda Kitale kukutazama, nikaambiwa umekuja huku kumwuguza mama. Nikaambiwa na mengine pia." Sauti yake ilianza kukaza. "Yule Chepchumba anayekamua ng'ombe aliniambia, 'Mwalimu, huyu wako siku hizi ni mzungu kabisa. Yeye na memsabu wanaongea tu ile maneno ya kwao, sisi hatusikii kitu. Memsabu anaenda Ulaya na meli, na Agneta anaenda na yeye.' Mbele ya wakamuaji wote! Wakanitazama kama ndama aliyekataliwa na mamaye."

"Ukamwamini."

"Ningeamini nini? Mtu hujifunza lugha ya nchi asiyokwenda?"

"Wewe umejifunza Kiingereza tangu utotoni, Mwalimu. Uingereza ulikwenda lini?"

Senge Nasimiyu alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo kwa kiganja. Jotham aliona haya, na haya hiyo ikazidi kumtia ukali.

"Kiingereza ni kazi yangu! Hicho chako ni cha kunong'onezana jikoni. Haya, kiseme basi. Sema hayo uliyokuwa ukijifunza, tuyasikie sote. Baba yako naye asikie."

Nakhungu alijifuta mikono polepole kwenye gauni. Aliitazama meza ndogo na kikombe kilichokuwa kikifuka moshi.

"El té está en la mesa," alisema.

"Maana yake?"

"Chai iko mezani."

Wote wakakigeukia kikombe.

"Ati chai iko mezani?" aliuliza senge. "Hiyo tu ndiyo imeleta vita?"

"Miaka mitatu," alisema Jotham, "chai iko mezani?"

"Kila asubuhi na kila alasiri, Mwalimu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sentensi huanza na kazi ya mtu. Umeuliza kwa dharau, nami nitakufundisha. Té ni chai. Mesa ni meza. Neno hilo nililijua kabla sijafundishwa. Siku ya kwanza nililicheka, Doña naye akacheka, na tangu amzike mumewe alikuwa hajacheka. En ni kama ile -ni yetu tunayoitia mwishoni tukisema mezani, nyumbani. El na la hutangulia majina, kwa maana kwao kila kitu ni cha kiume au cha kike, hata kisicho na roho. Chai ni mwanamume. Meza ni mwanamke."

"Meza ni mwanamke?" aliuliza senge. "Haki yake. Si ndiyo inabeba vyote?"

"Na hilo lingine?" Ilikuwa sauti ya Mzee Eliakim, na hakuna aliyeitazamia. "Está. Hilo hukulieleza."

Nakhungu alishusha sauti kwa heshima ya baba yake. "Está ni 'iko', Baba. Wana maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja. Kwa jambo ambalo ndilo mtu mwenyewe, hutumia moja. Soy hija de Eliakim, mimi ni binti Eliakim. Akinisema mtu mwingine, soy hugeuka es. Ubinti huo haubadiliki hata nikivuka bahari. Lakini kwa kitu kilichowekwa mahali, au hali iliyomshika mtu na itakayomwachia, hutumia la pili. Chai iko mezani, baadaye haipo. Mtu ana homa, kisha inatoka. Siku nilipovunja birika alilopewa na mama yake, Doña aliniambia, 'Estoy enfadada.' Nimekasirika, kwa hilo la pili. Jioni alikuja mwenyewe kuniambia kwamba hasira imekwisha. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukinong'ona."

"Sikuja hapa kusomeshwa sarufi," alisema Jotham.

"Ulikuja kufanya nini? Hukuja kuniuliza kitu, maana hujauliza. Sanduku halikutoka chini ya kitanda kwa miguu yake. Ulimwambia nini Doña?"

Jotham alisita. Kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana kutokuwa na hakika ya jambo alilolitenda.

"Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba huendi kokote. Kwamba wewe ni mke wangu, na kazi yako kwake imekwisha."

"Mke wako."

"Agneta..."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alilitoa sanduku yeye mwenyewe. Alilia."

Nakhungu alimwona moyoni Doña Remedios akiinama chini ya kitanda cha mtumishi wake, mwanamke yule aliyekuwa hana mtu mwingine wa kusema naye, akiburuta sanduku la mvule, akiamini kwamba Agneta ameondoka bila hata kumuaga. Kulikuwa na neno moja ambalo lingemaliza ugomvi palepale. Angesema, nilikataa safari kwa ajili yako. Lilikuwa kwenye ulimi wake. Akalimeza. Hakuona kwa nini alitoe liwe utetezi wake, yeye ambaye hakuwa amemkosea mtu.

"Umeninyang'anya kazi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko yote aliyosema siku hiyo. "Umemliza mtu aliyenitendea wema. Umeniozesha kwa mama yako nami niko huku namenya ndizi. Wanawake wa Misikhu wamenichezea ngoma ya mtoro. Baba yangu ni shemasi. Jumapili ataingia kanisani watu wakiulizana alipata ng'ombe wangapi wa gizani."

"Nilikuwa naogopa kukupoteza!"

"Ndipo ukaniiba?"

"Maneno hayo ni makali mno, Agneta."

"Doña anapanda treni Jumatatu. Nafasi yangu ameiacha wazi mpaka siku hiyo, huenda nikabadili nia."

Lau Jotham angesikiliza, angelitambua neno lile la mwisho. Lakini alisikia meli tu.

"Kwa hiyo ni kweli! Unakwenda!"

"Binti," alisema Mzee Eliakim, "sema unalotaka. Usilisemee mbali."

Nakhungu alimgeukia baba yake, ingawa maneno yalikuwa ya yule mwingine. "Sanduku langu litoke pale lilipoingia. Litoke mchana, Jumamosi, siku ya soko. Alibebe yeye mwenyewe begani, si kwa baiskeli, si kwa lori, apite nalo katikati ya soko la Misikhu mpaka kituo cha basi. Atakayemwuliza, amjibu ukweli. Kisha alilete hapa barazani."

"Mimi ni mwalimu!" Jotham alisimama. "Wazazi wote wa wanafunzi wangu huwa sokoni Jumamosi."

"Vema. Hutahitaji kuwatafuta."

"Mama yangu ataaibika."

"Mama yangu yuko jikoni humo. Muulize kama yeye amefurahi."

Kikohozi kikavu kikatoka jikoni.

"Na nisipolileta?"

"Basi vaa nguo zilizomo. Mimi Doña atanishonea nyingine."

Jotham alitwaa kofia yake. Alimtazama Nakhungu kwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta usoni mwake yule msichana aliyezoea kumsindikiza hadi barabarani na kusahau kurudi. Hakumpata. Alipanda baiskeli bila kugusa chai, nayo ikabaki mezani mpaka ikafanya utando.

Ijumaa Nakhungu alifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Alitamani Jotham asije, ili hasira yake iwe na haki kamili na asilazimike kuipunguza. Kisha basi lolote lililopita barabarani lilimfanya ainue kichwa. Alijichukia kwa ajili ya kichwa hicho. Alikumbuka jinsi Jotham alivyokuja Kitale mara ya kwanza, akasimama nje ya lango la shamba katika mvua kwa kuwa aliona si adabu kugonga, hadi mtoto wa Doña akamwona na kupiga kelele. Mtu aliyeogopa kugonga lango aliwezaje kuingia nyumbani kwa Doña na kudai sanduku? Alizisugua nguo mpaka vidole vikauma.

Jumamosi, jua likiwa limeanza kuinama, senge Nasimiyu aliita kutoka uani. "Njooni mwone!"

Jotham alikuwa akija kwa miguu kutoka kituo cha basi, sanduku la kijani begani, jina limeelekea barabarani. Hakuwa na tai. Suruali yake ilikuwa imechanika goti. Alipanda barazani, akapiga magoti kulishusha, akalisukuma taratibu hadi miguuni pa Mzee Eliakim.

Seremala alipitisha kidole kwenye ukingo. "Limechubuka hapa."

"Niliteleza kwenye tope la darajani, Mzee. Nililikinga kwa goti, lakini kona ikagusa jiwe."

"Nimeona goti," alisema Eliakim.

Nakhungu alikuwa amesimama mlangoni. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza wote." Jotham alibaki chini, hakuinuka. "Muuza chumvi alitaka kujua kama nimemfukuza bibi kabla hajafika. Wanawake wa viazi walisema serikali imewapunguzia walimu kazi, sasa inawafanya wapagazi. Mmoja alinifuata hadi kituoni akiimba ule wimbo wenyewe, lakini kinyumenyume."

"Uliwajibu nini?"

"Kwamba sanduku ni la binti Eliakim. Kwamba hakulituma wala hakujua. Kwamba nililichukua bila ruhusa yake wala ya baba yake, na hakuna ndoa iliyofanyika."

"Wote uliwajibu hivyo?"

"Hata yule wa wimbo."

"Na mama yako?"

"Amenifungia mlango. Atafungua."

Upepo ulipeperusha vumbi la mbao kutoka bandani. Jotham alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, na aliposema tena alisema polepole, kama mtu anayetembea mahali asipopajua.

"Agneta. Unataka kwenda na Doña?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Nilikataa mwezi uliopita," alisema Nakhungu. "Siku ile ile nilipoombwa."

Jotham aliinua uso. "Ulikataa?"

"Nilikataa."

"Mbona juzi hukuniambia?"

"Juzi ulikuja na majibu, Mwalimu. Ningekuambia nini?"

"Na ulikataa kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Nakhungu alimtazama vizuri, akaona alama nyekundu ambayo ukingo wa mvule ulikuwa umemchora shingoni, kutoka chini ya sikio hadi kwenye kola. Mkono wake ulitaka kwenda pale. Aliufunga ndani ya mwingine.

"Unajua kwa nini," alisema.

Jotham aliinamisha kichwa.

"Jumatatu alfajiri nakwenda Kitale kumuaga Doña kwa kinywa changu mwenyewe," aliendelea Nakhungu, "nawe utakuja. Senge atafuatana nasi. Utamwomba radhi kwenye stesheni mbele ya treni yake, na si kwa Kiingereza."

"Nitasema nini?"

"Lo siento."

"Lo siento," alirudia Jotham. "Maana yake?"

"Husemwa na mtu anayeomba radhi. Ila kwa maneno yenyewe ni kwamba, ninalihisi jambo hilo. Usipolihisi litatoka vibaya, na Doña atakujua."

"Ninalihisi tangu darajani."

"Na ng'ombe je?" aliuliza senge Nasimiyu, ambaye hakupenda mambo yabaki yakining'inia. "Tuwaambieje watu?"

"Waje siku waliyopangiwa, senge. Nami niulizwe mbele ya watu kama mabinti wengine."

"Utajibu nini?"

"Nitajibu siku hiyo."

Mzee Eliakim alilinyanyua sanduku, akakataa kusaidiwa, akaingia nalo ndani. Senge alileta chai, akaiweka juu ya meza ndogo na kurudi jikoni, ambako yeye na wifi yake walianza kunong'onezana. Jotham alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akikitazama kikombe. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na jambo hilo lilionekana, lakini hakukigusa. Siku ile nyingine alikuwa amekikataa kwa kiburi, na sasa hakujua kama bado ana ruhusa.

"El té está en la mesa," alisema Nakhungu, bila tabasamu.

Jotham aliunyosha mkono, kisha akausimamisha katikati.

"Hiyo hasira yako," alisema. "Nataka kujua. Ni ya lile neno la kwanza, lile la soy, au ni ya hili la pili, está?"

Mnong'ono jikoni ulikatika. Nakhungu alikaa mwisho mwingine wa benchi, mbali kiasi cha mtu mmoja kuketi kati yao, akalipanga gauni lake magotini. Aliangalia barabara aliyojia Jotham, kisha ile alama ya shingoni.

"Kunywa chai, Jotham," alisema. "Inapoa."